Mary Reibey, Msichana Aliyeiba Farasi

Hapo zamani sheria za Uingereza zilikuwa kali mno. Mtu aliyeiba farasi au kondoo aliweza kunyongwa. Wengine walihurumiwa, lakini huruma yenyewe ilikuwa nzito: walihamishwa mbali ng'ambo ya bahari, wakafanye kazi huko miaka saba, au kumi na minne, au maisha yao yote. Tangu mwaka 1788 walipelekwa Australia. Na desturi hiyo ilipokoma mwaka 1868, watu wapatao 160,000 walikuwa wamekwisha pelekwa. Wengi hawakuona kwao tena.

Mmoja wao alikuwa Mary Haydock, aliyezaliwa Lancashire mwaka 1777. Wazazi wake walikufa, naye akalelewa na bibi yake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alitoroka, akavaa nguo za kiume, akajiita James Burrow. Akakamatwa na farasi asiye wake. Alihukumiwa katika mji wa Stafford, mwezi wa Julai 1790. Na mwisho siri yake ikafunuka, ya kuwa yule mvulana ni msichana. Akahukumiwa miaka saba ng'ambo.

Merikebu yake, jina lake Royal Admiral, ilifika Sydney mwezi wa Oktoba 1792, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne. Mara akamwandikia jamaa yake barua, nayo ingaliko hata leo. Alisema kwamba watu wanamwambia atakaa huko maisha yake yote, hali yeye aliambiwa miaka saba tu, na neno hilo lamhuzunisha sana. Lakini atajitahidi kuwa na furaha kadiri awezavyo, huku akitafuta njia ya kurudi. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitano.

Akawekwa kuwa yaya katika nyumba ya mkuu mmoja wa askari. Mwaka 1794 akaolewa na Thomas Reibey, kijana aliyekuja kwa merikebu kama mtu huru. Wakapata shamba kando ya mto Hawkesbury. (Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa nchi, wala hawakuulizwa.) Baadaye wakafanya biashara, wakichukua ngano kwa mashua mpaka Sydney.

Thomas alikufa mwaka 1811, akamwachia Mary watoto saba na biashara yote. Watu walimwona mjane tu. Yeye akafungua bohari jipya na kununua merikebu nyingine. Mwaka 1817 benki ya kwanza ya nchi hiyo ilianza kazi katika nyumba yake.

Mwaka 1820 alisafiri Uingereza pamoja na binti zake, akaenda Lancashire kutazama mahali alipokulia. Kifungo chake kilikwisha zamani, na fedha alikuwa nazo, angaliweza kukaa. Mwaka uliofuata akarudi Sydney.

Mwaka 1828 serikali ilihesabu watu wote, na kila mtu akaulizwa alifikaje katika nchi ile. Mary akajibu kwamba alikuja akiwa mtu huru, mwaka 1821. Jibu hilo halikuwa la uongo, wala halikuwa kweli yote.

Alikufa mwaka 1855. Tangu mwaka 1994 picha yake imechapwa katika noti ya Australia ya dola 20: mwanamke mzee, amevaa miwani.