MAJI NI SADAKA, LAKINI NGAMIA NAYE ALIKUWA NA ZAMU YAKE

Sifa zote njema ni za Allah, aliyeteremsha maji kwa kipimo akayatuliza ardhini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.



Shida ya maji hakuna asiyeijua. Mama zetu na watoto wanaamka kabla ya Alfajiri kupanga bidoni. Kwa hiyo mtu akileta bomba au foraji katika kartie yetu tunamwombea dua, na anastahili. Saad bin Ubada (r.a.) alipofiwa na mama yake alimwuliza Mtume (s.a.w.) sadaka iliyo bora, akaelekezwa kwenye maji, akachimba kisima kwa niaba ya mama yake. Fadhila ya kutoa maji haina ubishi. Swali la leo ni lingine: maji hayo tunayatoa wapi, na nani mwingine alikuwa akiyanywa?

1. FUNDISHO LA NABII SALIH (a.s.)

Katika Suratush-Shuaraa na Suratul-Qamar, Allah anatueleza habari za Thamud. Waliletewa ngamia jike awe ishara kwao, na maji yakagawanywa: siku moja ya ngamia, siku moja yao. Angalia vizuri, ndugu yangu. Hawakukatazwa kunywa. Walikuwa na zamu yao kamili. Lakini walimkadhibisha Mtume wao, na uasi wao ukaonekana palepale kwenye maji: wakamwua mnyama, nao wakaangamizwa. Tena katika Suratul-Anaam Allah anatujulisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Basi mnyama ana fungu katika maji, na aliyempa fungu hilo si sisi.

2. YALIYOTOKEA AZRAQ

Katika nchi ya Yordani, kiasi cha kilomita 100 mashariki ya mji mkuu Amman, kuna mahali panapoitwa Azraq. Ni jangwa pande zote, lakini katikati kulikuwa na chemchemi, madimbwi na kinamasi kikubwa. Ndege wanaosafiri kati ya Afrika na nchi za kaskazini walitua hapo kupumzika na kunywa. Tarehe 2 Februari 1967 walihesabiwa ndege 347,000 kwa siku moja. Kulikuwa na nyati wa majini, na samaki mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1977 Azraq iliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani mapatano ya mataifa ya kulinda vinamasi.

Mji wa Amman ukakua, watu wakahitaji maji. Visima virefu vikachimbwa, maji yakapelekwa mjini kwa mabomba, zaidi sana tangu miaka ya 1980. Wakulima nao wakachimba vyao, vingine bila ruhusa. Kila mmoja alikuwa na haja ya kweli. Lakini maji yaliyotolewa yalizidi yale ambayo mvua iliweza kurudisha ardhini. Kufika mwaka 1992 chemchemi zilikauka. Kinamasi kikawa ardhi iliyopasuka, nyati wakakosa mahali, samaki yule akabaki kidogo tu atoweke. Tarehe 2 Februari 2000 ndege waliohesabiwa walikuwa 1,200.

Tangu mwaka 1994 maji kiasi yanarudishwa kwa bomba palepale yalipotolewa. Samaki wachache waliopatikana walifugwa, wakaongezeka, wakarudishwa. Ndege wengine wamerudi. Hata hivyo kilichofufuliwa ni karibu sehemu moja tu katika kumi ya kinamasi cha zamani. Kuharibu kulichukua miaka michache. Kutengeneza bado hakujaisha.

3. KINAMASI KINAFANYA KAZI GANI?

Wengi wetu tukiona kinamasi, au marais kama tunavyozoea kusema, tunaona matope na mbu. Tukipata nafasi tunakifukia na kugawa parseli. Lakini kinamasi ni kama sponji. Mvua ikinyesha kinameza maji, mafuriko yanapungua huko chini. Kiangazi kikija kinayaachia polepole, na mito na visima havikauki upesi. Mafunjo na majani yanazuia udongo na uchafu. Kambare wanazaa kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Basi anayekausha kinamasi ili apate maji anakata tawi alilokalia.

Nchi yetu imepewa amana kubwa: vinamasi vya Ngiri-Tumba-Maindombe viliingia katika orodha ya Ramsar mwaka 2008, na bonde la Lufira huko Katanga mwaka 2017. Lakini amana haiko mbali tu. Hata bonde dogo chini ya kartie yako ni amana.

4. TUFANYE NINI?

Kwanza, anayetaka kutoa sadaka ya kisima aulize kabla ya kuchimba: visima vingapi viko karibu, na kiangazi maji yanashuka kiasi gani? Sadaka isikaushe kisima cha jirani. Sheria yetu inakataza kudhuru.

Pili, wanazuoni wetu wamefundisha kwamba kisima kina harimu yake, eneo linalokizunguka lisiloguswa. Basi chemchemi ikijengwa, tuache miti na majani juu yake, tusilime wala kuweka choo hapo. Maji ya ziada yaendelee bondeni, yasizibwe yote.

Tatu, tuache israfu. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Sisi msikitini tunafungua bomba tangu kunawa mikono mpaka miguu. Bomba la msikiti likivuja, lirekebishwe wiki hiyohiyo.

Nne, mradi wa maji ukija, wazee na viongozi waulize mbele ya watu: bonde na viumbe vyake vitabakiziwa nini?

Ndugu yangu, mtu mmoja alimnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe. Tufikiri basi hali ya anayewaacha na kiu viumbe wa kinamasi kizima.

Ewe Mola wetu, tupe maji yenye baraka, utujaalie kuwa wagawaji waadilifu, wala usitufanye kama Thamud. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina ya Allah. Usiitupe chini. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako.)