Malakiti ya kweli: gusa kabla ya kulipa

Nimekulia Mutoshi, mgodi uliokuwa ukiitwa Ruwe, pembeni mwa mji wa Kolwezi, Kongo. Kwetu watoto hutungua maembe kwa mawe ya kijani ya malakiti. Ndiyo maana naona haya kusimulia kwamba nilikwenda Lubumbashi nikauziwa mkufu wa plastiki, nikidhani ni malakiti.

"Mama, hii iko ya kweli. Gusa tu," kijana aliniambia. Niligusa, ila akili yote ilikuwa kwenye mistari yake. Nyumbani binti yangu akapasha sindano kwenye mshumaa, akaichomeka ndani ya tundu la ushanga. Sindano ikazama, chumba kikanuka mfuko unaoungua.

Siku hizi nanunua hivi:

Baridi. Chukua kipande kilichokaa kivulini, ukibandike shavuni. Jiwe hubaki baridi kwa muda; plastiki hupata joto lako upesi.

Uzito. Zaidi ya nusu ya uzito wa malakiti ni shaba. Jiwe hili ni zito karibu mara nne kuliko maji ya ujazo uleule. Yai lake dogo tu hushusha kiganja.

Mistari. Ya kweli hupishana kijani hafifu, kijani kibichi na kijani kinachokaribia weusi, mmoja mwembamba, mwingine mnene, kama pete za maji kisimani. Ukiona shanga zote zina mistari ileile, nyeusi ti na iliyonyooka, rudisha.

Ncha ya kisu. Kuna malakiti bandia ya kioo, na kioo nacho ni baridi na kina uzito. Omba ruhusa, kwaruza kidogo chini ya kitako: malakiti hukwaruzika na kutoa unga wa kijani hafifu, kioo hukataa. Siki nayo hutoa vipovu kwenye malakiti, lakini inaua mng'ao, kwa hiyo mimi siitumii kwenye pambo.

Mgongo. Kazi ngumu ipo kwenye unga wa malakiti uliogandishwa kwa gundi. Huo ni mzito, na ukiukwaruza unatoa kijani vilevile. Dawa yangu ni kununua kipande kilichong'arishwa upande mmoja, mgongo ukaachwa ulivyotoka ardhini: vitundu, udongo, mwamba uliokishika, pengine doa la bluu la azuriti. Mwigaji hushughulikia uso, mgongo humchosha.

Usikate wala kusaga jiwe hili nyumbani, maana vumbi lake ni sumu ukilivuta. Dai risiti. Ukitaka kulivusha mpaka, ulizia kwanza hati za CEEC, kituo cha serikali kinachothibitisha madini ya thamani.

Ule mkufu bado ninao. Mgeni akija namkabidhi pamoja na kipande cha Mutoshi, nikimwambia afumbe macho achague. Mpaka leo hajakosea hata mmoja. Yule kijana alinidanganya kuhusu jiwe, lakini ushauri alionipa ulikuwa wa kweli.