Somo: Mzigo wa Msafiri wa Muda Mrefu



Siku hizi wazee wengi huitwa na watoto wao walio mbali, Uingereza au Marekani, wakakae miezi sita kulea wajukuu. Huniuliza, "Mwalimu, nichukue nini?" Mimi huwajibu: tuanze na yale utakayoyaacha.

Tutazame mfano wa zamani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, akiwa na wapagazi zaidi ya 150, punda, na mizigo ya karibu tani 6. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo haikuwa nguo zake. Ilikuwa vitambaa, shanga na waya, maana huko bara hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha. Mpagazi alibeba kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Lakini mpagazi naye hula, na chakula chake kilinunuliwa kwa vitambaa vile vile, navyo vilitaka mpagazi mwingine wa kuvibeba. Mzigo ulizaa mzigo. Ujiji alifika Novemba.

Sisi hatuna udhuru huo. Fedha zetu hazina uzito, na sabuni inauzwa kila mahali.

Kwa miezi sita, nguo za siku sita zinatosha. Msishangae: anayekaa wiki moja na anayekaa miezi sita mzigo wao ni mmoja, ila wa pili atafua mara nyingi zaidi. Viatu jozi mbili, ile nzito ivaliwe njiani. Sweta mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa kuwa joto likizidi unavua moja. Koti la baridi kali mtapewa na watoto huko huko. Tena doti moja ya kanga ni taulo, shuka, kilemba na mbeleko. (Wanaume wachukue kikoi, wala wasione haya.)

Sasa dawa. Dada yangu, mgonjwa wa presha, alisafiri na masanduku mawili makubwa. Dawa alizitia chini kabisa, kati ya unga na dagaa. Sanduku lile likapotea njiani siku nne, na siku ya tatu yeye akalazwa hospitali. Alipona, Mungu ashukuriwe. Sanduku lilipopatikana, nusu ya vitu vilivyokuwamo hakuvigusa mpaka akarudi navyo nyumbani. Kwa hiyo, dawa zikiwa katika pakiti zake, cheti cha daktari, miwani na pasipoti vikae katika mkoba wa mkononi, na mkoba huo msiachane nao hata mkienda msalani.

Zoezi: Jumamosi fungeni mzigo wenu wote. Ubebeni wenyewe, bila mjukuu wala baiskeli, kutoka nyumbani mpaka kanisani na kurudi. Mkifika, toeni kila kitu mlichokinung'unikia njiani.