Upeo wa Majina katika Lugha ya J na katika Kiswahili: Mifano kutoka Shinyanga na Geita

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna lugha ya kompyuta iitwayo J inavyoyapa majina thamani na inavyoiwekea mipaka kila thamani. Utaratibu huo unalinganishwa na matumizi ya neno 'hapa' katika habari za magazeti ya Tanzania, na kisha na majina ya mikoa. Hoja kuu ni kwamba jina halina thamani ndani yake lenyewe. Thamani hutokana na mahali na wakati jina lilipofungwa.

1.0 Utangulizi

J ilibuniwa mwaka 1990 na Kenneth Iverson, mzaliwa wa Kanada, akishirikiana na Roger Hui. Ilitokana na APL, ambayo misingi yake Iverson aliieleza katika kitabu cha mwaka 1962. Zote mbili ni lugha za safu, yaani hushughulikia orodha au jedwali zima kwa tendo moja. Kwa mwanaisimu, J ina mvuto wa pekee kwa kuwa istilahi zake zimetoka katika sarufi: data huitwa nomino, tendo huitwa kitenzi, na alama inayolipa jina thamani huitwa kopula.

2.0 Kopula mbili

Katika Kiswahili, kishirikishi 'ni' hutoa taarifa inayoweza kuwa kweli au uongo. Kopula ya J haitoi taarifa, bali huamuru: tangu sasa jina hili lichukuliwe kuwa thamani hii. Aidha, J ina kopula mbili. Alama =: hulipa jina thamani ya jumla, inayoonekana katika programu nzima. Alama =. ikitumiwa ndani ya fasili hulipa jina thamani ya ndani, inayokoma fasili inapomalizika. Nje ya fasili, alama hizo mbili hufanya kazi moja.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wachimbaji wadogo wa Geita wenye maduara matatu yaliyotoa mifuko 12, 7 na 9 ya mawe. Inatakiwa kujua sehemu ya kila duara katika jumla:

mifuko =: 12 7 9
jumla =: 100
mgao =: 3 : 0
jumla =. +/ y
y % jumla
)

Herufi y inasimama mahali pa orodha iliyopewa kitenzi, +/ hujumlisha, na % hugawanya. Amri 'mgao mifuko' hutoa 0.428571 0.25 0.321429, kwa kuwa jumla ya ndani ni 28. Jumla ya nje inabaki 100. Lakini mwandishi akiweka =: mahali pa =. ndani ya fasili, jibu litakuwa lile lile, ila jumla ya nje itageuka kuwa 28 bila onyo lolote. Kosa halitaonekana katika mstari ulilolizaa. Litajitokeza mbali, mahali ambapo 100 ilihitajika.

3.0 Fasili inapoita fasili nyingine

Tofauti nyingine huonekana fasili moja inapoita ya pili. Katika APL ya asili, jina huwa la ndani iwapo limeorodheshwa katika kichwa cha fasili. Hata hivyo, fasili iliyoitwa huliona jina la ndani la ile iliyoiita. Kwa hiyo thamani hutegemea nani ameita. J imekataa utaratibu huo: jina la ndani haliingii katika kitenzi kilichoitwa, na kitenzi hicho kisipokuwa na jina lake chenyewe hutazama majina ya jumla.

4.0 'Mkoani hapa'

Msomaji wa magazeti ya Tanzania anaufahamu mtindo wa kuanza habari kwa jina la mji, kisha kuandika 'mkoani hapa' au 'wilayani hapa'. Jina la mji hufanya kazi ya kopula ya ndani: hulifunga neno 'hapa' hadi mwisho wa habari, wala halihusu habari ya jirani. Mhariri wa Mwanza akiichukua habari ya Geita na kuiingiza katika yake, hulazimika kubadili 'mkoani hapa' kuwa 'mkoani Geita'. Asipofanya hivyo, 'hapa' itachukua thamani ya Mwanza, kama jina la APL linavyochukua thamani ya aliyeita.

Wakati nao ni sehemu ya upeo. Katika habari iliyoandikwa Geita mwaka 2010, 'mkoani hapa' ni Mwanza, kwa kuwa mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012.

5.0 Jina lililopewa thamani mpya

Mwaka huo huo jina 'Shinyanga' lilipewa thamani mpya. Bariadi, Maswa na Meatu ziliingia katika mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.8 katika mkoa wa Shinyanga. Ile ya 2012 ilihesabu 1,534,808. Programu inayogawanya idadi ya pili kwa ya kwanza itatoa 0.55 hivi, na asiyejua historia atadhani mkoa umepoteza karibu nusu ya watu wake. Hesabu haina kosa; kosa limo katika kudhani kwamba jina moja ni kitu kimoja.

Dhahabu nayo ina mtego huo. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, ulikuwa mkoani Mwanza hadi 2012. Bulyanhulu, ulioanza mwaka 2001 katika wilaya ya Kahama, ulibaki Shinyanga. Anayelinganisha dhahabu ya 'Mwanza' ya miaka hiyo na ya baadaye analinganisha maeneo mawili tofauti. Dawa yake ni kuyafunga majina kwa mwaka, kwa mfano Shinyanga2002 na Shinyanga2012, au kujumlisha wilaya zile zile kwa miaka yote.

6.0 Hitimisho

J hudhihirisha upeo katika kopula yenyewe. Kiswahili huuachia muktadha: jina la mji, tarehe, na ujuzi wa msomaji. Msomaji anapohamishia matini katika kompyuta, muktadha huo hubaki nyuma. Kwa hiyo mtafiti anayekusanya matini au takwimu za Kiswahili hana budi kurekodi, pamoja na kila jina, mahali na mwaka lilipofungwa.