Mthamini Akija Nyumbani, Akute Kila Kitu Tayari

Mkazi wa Misikhu anapoomba mkopo kwa kuweka nyumba au shamba lake kuwa dhamana, benki hutaka kwanza mthamini aje aangalie mali hiyo. Kazi ya kupima nyumba ya kawaida na kupiga picha huisha asubuhi moja. Hata hivyo, ripoti inaweza kukawia majuma kadhaa, na wakati huo karo inadaiwa shuleni au kuta za nyumba mpya zinanyeshewa bila mabati. Mara nyingi kinachochelewesha ni karatasi zisizo tayari, au mpaka ambao hakuna mtu nyumbani anayeweza kuuonyesha. Hayo mawili mwenye nyumba anaweza kuyashughulikia mapema.

Anzia benki. Benki nyingi zina orodha ya wathamini ambao ripoti zao hukubaliwa. Ukimtafuta mthamini wako mwenyewe bila kuuliza, unaweza kulipa, upewe ripoti nzuri, kisha uambiwe ulipe tena kwa mwingine. Uliza pia kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, jinsi Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, inavyotaka. Ada yake iandikwe kabla ya kazi, nawe upewe risiti.

Kisha itoe hatimiliki kwenye sanduku uisome upya. Jina lililo hapo ni sawa na la kitambulisho? Hatimiliki nyingi za zamani zina jina moja au mawili, na herufi zilifuata sikio la karani wa siku hizo. Kama majina hayalingani, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo kwamba wote ni mtu mmoja. Fanya pia upekuzi rasmi, yaani sachi, uone kama kuna zuio au mkopo wa zamani uliolipwa lakini haujafutwa kwenye rejista. Hapa wengi wetu wa barabara ya Webuye–Kitale hujichanganya. Benki yako inaweza kuwa Kitale na mthamini atoke huko, lakini rejista ya ardhi ya Misikhu iko Bungoma. Ukimkabidhi mthamini matokeo ya sachi pamoja na nakala ya ramani ya usajili inayoonyesha kipande chako, umempunguzia safari.

Sasa lililo gumu zaidi. Katika boma nyingi, hatimiliki bado ina jina la baba au babu aliyefariki, ingawa watoto waligawana shamba zamani na kila mmoja akajenga kwake. Mthamini anaweza kuipima nyumba yako na kuisifu, lakini benki haiwezi kuandikisha rehani kwa jina la marehemu. Hakuna haraka ya mthamini itakayotatua hilo. Familia inahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa, kisha iende mahakamani kuomba hati ya usimamizi wa mali. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 hutolewa kwa mwenye pingamizi. Hati ikishatolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mahakama kuithibitisha na kuruhusu mgawanyo, na baada ya hapo kuna upimaji na usajili wa vipande. Anayepanga kukopa mwaka ujao aanze mwaka huu, hasa kama ndugu bado wanasalimiana.

Juu ya mipaka, tembea mwenyewe siku chache kabla. Fyeka vichaka vinavyofunika mawe au mkonge uliopandwa mpakani, na umwombe jirani awepo siku hiyo. Jirani akisimama mbele ya mgeni na kusema, "Hapana, mzee, mpaka ni kule kwenye mti," mthamini hatabishana naye. Ataandika kwamba kuna mgogoro, na benki itasimama hapo. Mgogoro wa kweli hupelekwa kwa msajili wa ardhi, anayekuja na mpimaji. Nyumba zilizo kando ya barabara kuu zina swali moja zaidi: je, kibanda au ukuta umeingia katika hifadhi ya barabara? Ni afadhali ujue mwenyewe kabla ya kuandikiwa.

Kama una ramani ya ujenzi iliyoidhinishwa na kaunti, iwe mezani. Kwa ploti ya sokoni, leta risiti za kodi ya ploti na barua ya kugawiwa, na uulize benki mapema kama itakubali barua hiyo pasipo hatimiliki. Mwenye wapangaji aweke kitabu cha kodi karibu, kwa sababu mapato ya nyumba huingia katika hesabu.

Siku yenyewe, vyumba vyote vifunguliwe. Mpangaji aliyeondoka na ufunguo ni sababu ya kawaida kabisa ya mthamini kurudi mara ya pili. Mbwa wafungwe. Mume au mke awepo, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haiitambui rehani ya nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, na kutoelewana huko ni heri kujulikane sasa. Kwa shamba la kilimo, uliza pia lini Bodi ya Kudhibiti Ardhi itakutana, ili ombi lako la idhini liwe tayari mara benki itakapokubali.

Kuku wa kuchinja si lazima, na bahasha ni hatari: mthamini hufanya kazi bila kuegemea upande wowote, na ripoti iliyonunuliwa inaweza kukuletea kesi. Pia usishangae thamani ikiwa chini ya gharama uliyotumia kujenga. Yeye hutazama bei ambazo mali za jirani zimeuzwa, hali ya barabara, maji na umeme, na kwa benki huandika pia bei ya kuuza kwa haraka, ambayo huwa ndogo zaidi.

Ripoti ikitoka, omba benki ikuonyeshe ukurasa wa maelezo ya mali. Linganisha nambari ya kipande, ukubwa na jina na vilivyo kwenye hatimiliki. Tarakimu moja iliyokosewa hurudisha faili mwanzo, na kuisahihisha kunahitaji barua fupi tu kwa mthamini kama imegunduliwa siku hiyo hiyo.