SUKARI YA DAMU NA TABIA YA MZEE

Wafanyakazi, na ninyi jamaa zao, tutwae mfano.

Mzee mmoja alifanya kazi miaka mingi chini ya udongo. Sasa yuko nyumbani na pensheni yake, na munganga amemwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi moja, bukari haijapikwa bado, anaanza kugombeza wajukuu bila sababu. Anatokwa na jasho, mikono inatetemeka, maneno yanachanganyika. Jirani anasema: « Mzee amekunywa lutuku. » Bibi yake anasema: « Uzee umeharibu tabia yake. »

Wote wawili wanajidanganya. Mzee alimeza kidonge alfajiri, kisha hakula kitu. Sukari imeshuka mno katika damu. Ubongo unafanya kazi kwa nguvu ya sukari. Ikipunguka sana, hata mtu mpole anakuwa mkali ao anapotewa na akili.

Basi, mbele ya kumhukumu, fanyeni hivi:

1. Mpeni vijiko vidogo 3 vya sukari katika nusu ya glasi ya maji.

2. Ngojeni dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpeni tena. Akipata nafuu, ale chakula.

3. Kama amezimia ao hawezi kumeza, msitie kitu kinywani mwake. Mlazeni kwa ubavu, kisha mumpeleke hospitali upesi.

4. Hata akipona, munganga ajue. Vidonge vingine, kama glibenklamidi, vinaendelea kushusha sukari kwa saa nyingi, zaidi kwa wazee.

Lakini si kila hasira inatoka kwa sukari iliyoshuka. Kila mtu anaingia katika ugonjwa na tabia yake. Mwenye wasiwasi anahesabu kifo kila usiku, halali. Mwenye kiburi anasema yeye ni mwanaume, anaficha kidonda cha mguu mpaka kinanuka. Mwenye utaratibu anakula kwa saa yake, anameza dawa yake, kisha anakwenda kuongea na rafiki zake. Ugonjwa ni mmoja, lakini maisha yao hayafanani.

Wewe mzee, usiseme: « Mimi niliumbwa hivi. » Desturi nzuri unaijua tangu zamani. Mbele ya kushuka katika shimo ulitazama kofia, viatu na taa, hata siku uliyochoka. Leo tazama miguu yako kila jioni kwa namna ile ile, chini ya unyayo na katikati ya vidole. Ugonjwa wa sukari unaweza kuondoa maumivu: mguu unaungua karibu na mbabula, nawe husikii. Usitembee miguu mitupu. Kidonda, hata kidogo, kionyeshe hospitali siku ile ile.

Kama huzuni inakukalia majuma mawili, hutaki kula wala kuona watu, mwambie munganga pia. Huzuni ya namna hii inawapata wagonjwa wa sukari mara nyingi kuliko watu wengine. Si uvivu, wala si ulozi. Ina matunzo yake.

Na ninyi mama na watoto, msimpikie mzee chungu cha peke yake kama mtu aliyefukuzwa mezani. Bukari kidogo, sombe ao lengalenga nyingi, samaki ao maharagwe, mafuta kidogo: chakula hiki kinafaa nyumba nzima. Msimkemee mbele ya wageni juu ya soda. Mwachieni kazi anayoiweza, kama vile kulima bustani ao kufundisha mjukuu kusoma. Mtu anayeona kwamba nyumba bado inamhitaji, anapata nguvu ya kujitunza.

Katika kazi, tulijifunza kwamba hatari inayojulikana mapema haiui watu wengi. Na nyumbani ni vile vile. Leo jioni, muulize mzee wako: « Baba, umekula? » Kisha mtazame miguu pamoja.