"Joto Kali, na Ngurumo Hapa na Pale"



Katika ubao wa matangazo, karibu na mlango wa bwalo, mwalimu wetu wa Jiografia huandika habari za hali ya hewa azisikiazo katika redio. Siku moja ya Septemba mwaka uliopita aliandika hivi: "Leo mchana joto kali. Alasiri ngurumo na mvua hapa na pale." Tulipita tukalisoma, na mmoja wetu akasema, "Kama ni hapa na pale, basi ni pale, si hapa." Tulicheka sote, na mimi nilicheka kuliko wengine. Nataka kuwaeleza kwa nini sicheki tena, kisha tujifunze pamoja maana ya maneno yale machache.

Alasiri ile tulicheza mpira na vijana wa mjini Kaberebere. Mimi nilikuwa kapteni. Tangu asubuhi jua lilikuwa limetuchoma, wala hapakuwa na upepo. Ilipofika saa kumi, wingu jeusi lilisimama upande wa Nakivale, na ngurumo zikaanza kusikika kwa mbali. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza, aliyekuwa akituokotea mpira, akanijia akasema, "Kaka, radi inakuja. Tuingie ndani." Nikamjibu, "Bado dakika kumi tu, nasi tunaongoza. Kama unaogopa mvua, kasimame chini ya mti ule."

Alitii, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Mvua ilikuwa haijaanza hata tone moja wakati radi ilipoupiga mkaratusi ule, na yule kijana akaanguka. Watu walimzunguka kwa mbali. Hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa maana walisema angali na moto wa radi mwilini. Mwuguzi mmoja aliyekuja kutazama mpira ndiye aliyepenya katikati yao, akapiga magoti, akambonyeza kifua mpaka pumzi ikarudi. Kijana yu hai, na leo tunasoma naye, lakini sikio lake la kushoto halisikii vema. Mti ule nilimwonyesha mimi.

Basi, na tuanze somo. Vitabu vya Ulaya hutufundisha majira manne, na majira yao ya joto ni Juni hadi Agosti. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna majira ya namna hiyo. Hapa Isingiro na Mbarara tuna mvua za Machi hadi Mei, na mvua za Septemba hadi Desemba. Katikati yake kuna kiangazi cha Juni hadi Agosti, na kile kifupi cha Januari na Februari. Mwisho wa kiangazi, ardhi imekauka na jua ni kali, na unyevu huanza kurudi hewani. Hapo ndipo joto na ngurumo hukutana katika siku moja.

Hukutanaje? Jua huipasha ardhi moto, nayo ardhi huipasha hewa iliyo juu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda. Kadiri ipandavyo hupoa, na unyevu uliomo hugeuka kuwa wingu. Wakati unyevu unapogeuka maji hutoa joto jingine, na joto hilo hulisukuma wingu lizidi kupanda. Katika nchi zetu wingu la namna hii laweza kupita kilometa 12 kwenda juu, mahali palipo na barafu tupu. Vipande vya barafu hugongana ndani yake na kutenganisha umeme, na umeme ukizidi huruka. Ule mwanga ndio umeme. Ile sauti ndiyo ngurumo. Na umeme ushukao hata kupiga kitu chini ndio tuuitao radi. Ndiyo sababu asubuhi ya joto lisilo na upepo mara nyingi huwa na alasiri ya ngurumo.

Sasa maneno "hapa na pale". Wingu moja la ngurumo lina upana wa kilometa chache tu, na mara nyingi humaliza nguvu zake kwa muda wa saa moja au pungufu. Twaweza kupata mvua kubwa Kaberebere na huku Nakivale vumbi likipeperuka. Wataalamu waweza kujua kwamba siku ile mawingu ya namna hii yatatokea katika wilaya, lakini asubuhi hawawezi kujua litasimama juu ya kilima gani. Kwa hiyo maneno "hapa na pale" hayana maana ya kwamba hatari ni ya jirani yako. Maana yake ni kwamba hakuna awezaye kukuambia kuwa si yako.

Vivyo hivyo utabiri wa msimu. Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Uganda hutupa nafasi tatu: mvua kuzidi kawaida, kuwa ya kawaida, au kupungua. Tuseme kwa mfano wa hesabu tu kwamba nafasi ya kuzidi ni 45 katika 100. Mkulima wa ndizi akisema, "Wameahidi mvua nyingi," amekosea, maana nafasi 55 zilizobaki ni za mambo mengine. Utabiri si ahadi, lakini pia si bahati nasibu. Ni shauri la kutufanya tujiandae.

Na joto lenyewe je? Mbarara iko juu ya bahari kwa meta 1,400 hivi, na joto letu la mchana mara nyingi ni digrii 26 au 27 za Sentigredi. Ndiyo maana twadhani joto la hatari ni la watu wengine. Lakini mwezi wa Machi 2024 jirani zetu wa Sudan ya Kusini walifunga shule zote, kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika digrii 45. Hata Uingereza, nchi tuijuayo kwa baridi, tarehe 19 Julai 2022 ilipata digrii 40.3 mahali paitwapo Coningsby. Tena kipimajoto huwekwa kivulini, bali sisi huketi chini ya mabati yasiyo na dari, na dada zetu hupanda vilima na madumu ya maji saa sita mchana. Mwili wa mtu una digrii 37. Ukipita 40, akili huanza kuchanganyikiwa na mtu aweza kufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe kivulini upesi, alegezwe nguo, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, na watu wakimbilie msaada wa hospitali. Asinyweshwe maji kama hana fahamu.

Kwa habari ya radi, yafaa tushike mambo manne.

Kwanza, hesabu. Sauti hukimbia kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo. Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, radi iko kilometa 10 tu kutoka kwako, nayo yaweza kukufikia hata kabla ya mvua. Ingia ndani, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Pili, chagua mahali. Jengo imara lenye kinga ya radi ni jema, na gari la chuma lililofungwa madirisha ni jema. Mti, kibanda kilicho wazi, baiskeli na pikipiki si kinga.

Tatu, usidhani bati tupu latosha. Bati haliiti radi, lakini pasipo waya wa kuupeleka umeme ardhini, umeme waweza kupita kwa watu. Mwezi wa Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya Runyanya, Kiryandongo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, iliua watu 14, wengi wao watoto, na kujeruhi 34. Walikuwa wamekusanyika kusali katika jengo la mabati.

Nne, mguse aliyepigwa. Mwili wake hauna umeme uliobaki. Kama hapumui, bonyeza kifua chake katikati kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na umpulizie pumzi ukiwa umefundishwa.

Mimi nimekulia Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wa Rwanda. Leo wengi wa jirani zetu wametoka Kivu. Wazee hutuambia kwamba kule radi hutumwa na adui. Siwadharau wazee, kwa maana wameona mengi. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kabare, katika Kivu ya Kusini, hupata umeme mara 205 hivi kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba, kuliko mahali pengine popote Afrika. Mahali penye umeme mwingi namna hiyo pana vilio vingi, na watu wakatafuta wa kumlaumu. Lakini mimi najua nani aliyemtuma yule kijana chini ya mkaratusi, naye hakuwa mchawi.

Tangu siku ile tumeweka sheria katika timu yetu: yeyote asikiaye ngurumo, hata akiwa mdogo kuliko wote, ana ruhusa ya kusimamisha mchezo, na kapteni hana ruhusa ya kumkatalia. Mwezi uliopita tuliacha mpira tukiwa tumefungwa mabao mawili, na wageni wetu wakatucheka. Tuliketi darasani tukihesabu sekunde, na mwenye kuhesabu kwa sauti alikuwa yule kijana wetu.

Ndugu wasomaji, likizo inakaribia. Tafadhali mpelekeeni habari hii mtu mmoja nyumbani asiyesoma gazeti hili.